Darasa la Lugha Lisilopiga Kelele Lina Ugonjwa

(Hotuba kwa wanafunzi wa ualimu wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, Dodoma)

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wetu, walimu wenyeji mlioacha vipindi vyenu kuja kutusikiliza, na wanafunzi wenzangu: itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

Naona waliojibu ni Wagogo, pamoja na wachache waliokaa Dodoma muda wa kutosha kuzoea mlenda. Wengine mmetazamana, mkacheka kidogo, mkanyamaza. Salamu hiyo mnaijua. Mnaisikia sokoni Majengo, mnaisikia kwenye daladala, na wanasiasa wanafungulia nayo mikutano. Ila kuitamka mbele ya watu, hapana, usije ukaikosea ukachekwa. Basi ukimya huo huo ndio nilioukuta darasani, na ndio ninaotaka tuuzungumze leo.

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari ya serikali hapa Dodoma, somo la Kifaransa, kidato cha kwanza na cha tatu. Shule sitaitaja. Walinipokea vizuri na walimu wake bado wako pale, kwa hiyo mkinisikia nalalamika mjue naisema kazi, siwasemi watu. Najua wengine mlitegemea nianze na azimio la kazi, andalio la somo na shajara. Hayo mmefundishwa, na mtayajaza mpaka vidole viume. Mimi nataka kumzungumzia mtu ambaye hana safu yake kwenye andalio la somo: mwanafunzi anayelijua jibu na hafungui mdomo.

Sisi sote tumekulia katika shule ambazo darasa zuri ni darasa lililotulia. Mwalimu wa zamu akipita dirishani akaona vichwa vimeinama, anaridhika na kuendelea na safari yake. Mwalimu akitoka, kiongozi wa darasa anasimama na karatasi na kuandika majina ya wapiga kelele, na wengi wenu humu mmewahi kuwemo kwenye orodha hiyo. Katika masomo mengine utulivu huo huenda una faida yake. Kwenye lugha ya kigeni unaua somo. Mtoto anaweza kunakili ubao wa Kifaransa kuanzia Januari hadi Novemba kwa mwandiko wa kupendeza, akafungua daftari lake nyumbani, na asiweze kumwomba maji mtu aliyetoka Bujumbura.

Niwaeleze kwanza ni nani waliokuwa mbele yangu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhama kwa kishindo mwaka 2016, na kilichofuata kinaonekana madarasani kuliko hata kwenye majengo ya Mtumba. Dawati moja linakaliwa na mtoto wa mtumishi wa wizara aliyezaliwa Temeke, mtoto ambaye wazazi wake wanalima zabibu Hombolo, na mwingine aliyetoka Chemba kuja kukaa kwa shangazi. Nilikuwa na binti mmoja wa Unguja. Baadhi walisoma msingi kwa Kiingereza, ila walio wengi walisoma kwa Kiswahili, na hao kidato cha kwanza kinawapokea kwa mizigo miwili siku moja: masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, halafu anaingia mtu mwingine na Kifaransa.

Sasa mtu huyo afundishe kwa lugha gani? Wahadhiri wetu wako hapa, na wanajua walivyotusisitizia: lugha lengwa, muda wote, mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Nakubaliana nao nusu. Salamu, amri na mambo ya kila siku ya darasani niliyafanya kwa Kifaransa tangu wiki ya kwanza. Écoutez, sikilizeni. Répétez, rudieni. Ouvrez vos cahiers, fungueni madaftari. Mtoto haambiwi maana. Anaona mwenzake kafungua daftari, naye anafungua. Lakini nilipofika kwenye sarufi niliwaangalia nyuso, nikaona kwamba nikiieleza kwa Kiingereza nitakuwa nawafundisha wasichokijua kwa kutumia wasichokijua. Nikaenda Kiswahili, na sijutii.

Chukueni jinsia ya nomino. Kila mtu atakuambia kwamba kinachowashinda Waafrika kwenye Kifaransa ni le na la, kwamba meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume. Mimi niliandika ubaoni "kiti wangu mzuri" na kuwauliza kama ni sawa. Darasa zima likacheka, hata wale ambao hawajawahi kunicheka. Nikauliza kosa liko wapi. Wakanirekebisha wote kwa pamoja: kiti changu kizuri! Nikawaambia, basi Kifaransa kinataka hicho hicho. Nomino ndiyo bosi, kivumishi kinafuata. Tena Wafaransa wana makundi mawili tu, nyinyi mnabeba ngeli nyingi kuliko hizo na hamjawahi kuzililia. Siku hiyo upatanisho wa kisarufi ulifundishwa na wanafunzi wenyewe, mimi kazi yangu ikawa kuandika ubaoni. Ngeli hazimwambii mtoto kwamba table ni ya kike, hilo lazima alikariri. Lakini wazo lenyewe kwamba neno moja linawaburuta wenzake lilikuwa tayari kichwani mwake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huo ni utajiri.

Matamshi nayo yalikuwa hivyo hivyo. Ile r ya Kifaransa inayotokea kooni, huku bara tunaihangaikia kwa sababu hata gh tumeiacha: tunasema "gali" na "luga". Yule binti wa Unguja alikuwa anasema ghali na lugha kama inavyotakiwa. Nikamsimamisha atamke, nikawaambia wenzake, sauti yenu ianzie hapo. Akageuka mwalimu wa r kwa wiki nzima. Kwa ile u ya Kifaransa, ambayo sisi hatuna, nilikuwa nawaambia waseme i ndefu, halafu bila kuusogeza ulimi wakusanye midomo kama anayepuliza uji wa moto. Inatoka. Jaribuni mkifika bwenini, hapa msijisumbue. Na alikuwepo kijana mmoja ambaye nyumbani kwao wanazungumza Kisandawe, lugha yenye vidoko, zile sauti ambazo wengi wetu hapa hata kuziiga hatuwezi. Mtu anayepiga vidoko akimsalimia bibi yake, atishwe na u ya Paris?

Kidato cha tatu nitapita haraka. Hao walikuwa wachache, walilichagua somo wenyewe, na tatizo lao kubwa lilikuwa mtihani wa mwaka unaofuata, siyo ukimya. Nilifundisha, walisoma, tukaachana kwa amani.

Turudi kidato cha kwanza. Darasa lilikuwa na wanafunzi wanaokaribia 70 na kipindi ni dakika 40. Pigeni hesabu pamoja nami. Ukiamua kumsimamisha kila mwanafunzi azungumze peke yake, kila mmoja anapata kama nusu dakika, na hapo hujaita majina, hujafuta ubao, hujafunga madirisha ili vumbi la upepo wa Julai wa Dodoma lisiingie. Maana yake wengine wote wanakaa kimya zaidi ya dakika 39 wakimsikiliza mmoja anayetetemeka. Na anatetemeka kwa sababu anajua akikosea watamcheka. Sijui mlimwogopa nani mlipokuwa shule. Mimi niligundua watoto wale hawakuniogopa mimi kama walivyoogopa kicheko cha dawati la nyuma.

Dawa niliyoitumia ni ya zamani, nayo mmesoma kwenye mbinu za kufundishia, ila tukifika shuleni tunaiacha kwa sababu ina makelele. Kwanza wote wanasema kwa pamoja. Mtu hachekwi ndani ya kwaya. Kisha safu moja inauliza, safu nyingine inajibu. Kisha wawili wawili, kila dawati, mmoja ana kadi yenye maswali na mwenzake ana kadi yenye majibu nusu, ajazie mwenyewe. Dakika tano za namna hiyo, wanafunzi 70 wanazungumza kwa wakati mmoja, na kila mmoja amepata muda mwingi wa kuzungumza kuliko ambao angeupata kwa wiki nzima ya kusimamishwa. Wanakosea? Sana. Unapita katikati ya madawati, unasikiliza, unaokota makosa mawili matatu yanayojirudia, unayasahihisha ubaoni bila kumtaja mtu.

Makelele yake, lakini! Mwalimu wa Hisabati wa darasa la jirani alikuja kusimama mlangoni bila kusema neno, na hapo neno halikuhitajika. Ofisini, mwalimu wangu mlezi, mzee aliyefundisha miaka mingi kuliko umri wangu, akaniita.

"Mwanangu, umewafanya nini watoto leo?"

"Shikamoo mwalimu. Walikuwa wanaulizana umri na wanakokaa."

"Marahaba. Wote kwa mara moja?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Vizuri. Kesho Hesabu wana jaribio. Hao Wafaransa wako watoe nje."

Tukahamia chini ya mwarobaini. Ubao hakuna, kiti hakuna, wanafunzi wamesimama wawili wawili wakipiga kelele kwa Kifaransa uwanjani, na watoto wa madarasa mengine wamejaa madirishani. Kama shule yako ina mti, uombe mapema, maana na walimu wa michezo wanautaka.

Waliulizana nini hasa? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu vitabu vyetu vimejaa mnara wa Eiffel, na mtoto wa Hombolo mnara huo haumhusu. Siku moja kijana aliniuliza, "Madam, kwa nini usitufundishe Kihispania? Cha Real Madrid." Nikamwambia, nahodha wa timu ya taifa ya Ufaransa, Mbappé, yupo hapo hapo Real Madrid tangu mwaka 2024. Akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa. Lakini swali lake lilinipa somo la wiki mbili. Ligi yetu wenyewe imejaa watu wanaozungumza Kifaransa. Msimu wa 2022/23 ufungaji bora waligawana wawili: Fiston Mayele wa Yanga, Mkongo, na Saidi Ntibazonkiza wa Simba, Mrundi. Baadaye Yanga wakawa na Pacôme Zouzoua kutoka Ivory Coast. Tukafanya mahojiano ya baada ya mechi. Mmoja mwandishi wa habari, mwingine mchezaji. Unaitwa nani, unatoka wapi, umefunga mabao mangapi, utasemaje kwa mashabiki. Darasa likagawanyika kijani na nyekundu, na vijana ambao nilikuwa sijawahi kusikia sauti zao wakawa wanagombea kuwa Mayele. Wa Simba walikataa kuhojiwa na mwandishi wa Yanga. Nikawaambia mkatae kwa Kifaransa.

Sasa namba. Mnaojua Kifaransa mnajua shida iliyopo. Hadi 60 mambo yanakwenda vizuri. Halafu 70 inakuwa "sitini na kumi", soixante-dix. 80 inakuwa "ishirini nne", na 90 inakuwa "ishirini nne na kumi". Darasa lilinuna. Walihisi wanaonewa, na kwa kweli sina utetezi wowote wa kuwapa Wafaransa kwenye hilo. Katikati ya manung'uniko hayo, akanyosha mkono kijana wa dawati la pembeni ambaye tangu nifike hakuwahi kunyosha. Mama yake ni mama lishe, ana kibanda mahali yanapolala malori barabara ya kwenda Singida.

"Madam, mbona madereva wa Burundi wanasema septante?"

Wakaanza kumcheka. Nikawanyamazisha, na hiyo ilikuwa mara chache sana kwangu kutaka kimya darasani. Maana kijana yuko sahihi. Burundi, Rwanda na Kongo zilitawaliwa na Ubelgiji, Kongo hadi 1960 na zile mbili hadi 1962, na Wabelgiji 70 wanaiita septante na 90 wanaiita nonante, mpaka leo. Watu wa nchi hizo tatu wamebaki hivyo. Wale madereva hawakuwa wanakosea, wala mtoto hakusikia vibaya. Nilimwita ubaoni, akaandika namba kuanzia 70 hadi 79 kwa namna ya Bujumbura, akatuambia na bei ya wali maharage inavyotajwa. Mwalimu mlezi nilipomsimulia jioni alisema jambo moja tu: "Mwambie kwenye mtihani aandike ya kitabuni, kwa mama yake aendelee na ya kwake." Nikaona ni jibu la mtu mwenye akili.

Mimi nimelifikiria sana tukio lile. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam yanapita hapa hapa, yanakwenda Singida, Nzega, kisha yanagawana, ya Burundi yanaelekea Kabanga na ya Rwanda yanaelekea Rusumo. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliafiki Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na mwaka uliofuata Kongo ikajiunga. Kifaransa ambacho mtoto wa Dodoma atakikuta maishani kitamjia na vumbi la lori, kikiuliza bei ya chakula na mahali pa kulala. Na mtu wa kwanza darasani mle kukisikia hakuwa mimi niliyesoma chuo. Alikuwa mtoto wa mama lishe, naye alikuwa amekaa nacho kimya kwa sababu alidhani hicho cha barabarani siyo Kifaransa. Baada ya siku ile alikuwa anauliza maswali mpaka nikaanza kumkwepa kwenye korido, nasema ukweli.

Niseme na la fimbo, maana najua mtaulizwa na wenzenu mkifika. Mwaka 2016 picha za video za walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi huko Mbeya zilisambaa nchi nzima, na nyote mnajua vijana wale walivyoharibikiwa. Kanuni zinampa mkuu wa shule mamlaka ya adhabu ya viboko, au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi. Wewe wa mazoezi siyo huyo. Lakini tuiweke sheria kando. Mwalimu wa lugha anayeingia na fimbo anajichimbia kaburi la somo lake, kwa sababu anachokihitaji kwa mtoto ni kuthubutu kukosea mbele ya watu, na fimbo inamfundisha kwamba kukosea kunauma. Niliazimwa fimbo siku ya kwanza, kwa nia njema kabisa. Niliitumia kuonyeshea ramani ya Afrika.

Jambo jingine ni siku ya kutathminiwa. Kuna mchezo ambao wote tunaujua na hakuna anayeutaja mbele ya wahadhiri, basi mimi nautaja: unafundisha somo Jumatatu, mhadhiri anakuja Jumatano, unawaambia wanafunzi tunarudia lile lile, na wote wananyosha mikono. Wanafunzi wenyewe wanaushirikia kwa furaha, wanakuonea huruma. Mimi sikuufanya, na siyo kwa uadilifu. Mhadhiri alikuja bila taarifa. Alikaa dawati la nyuma na fomu yake, mimi nikaendelea na mahojiano ya wachezaji. Walipofika kwenye mazoezi ya wawili wawili, binti mmoja aliyekosa mwenzake akamgeukia yeye na kadi mkononi: "Monsieur, vous habitez où?" Yaani, bwana, unakaa wapi? Mhadhiri akaangalia huku na huku, akaweka kalamu chini, akajibu. Binti akamuuliza amefunga mabao mangapi. Darasa likalipuka.

Kwenye fomu, alama za ushiriki wa wanafunzi zilikuwa za juu kabisa. Kwenye usimamizi wa darasa aliandika: "Kelele nyingi." Akapunguza alama. Yupo ukumbini, anacheka. Mhadhiri, mimi bado nakata rufaa. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, unataka umahiri, tumpime mtoto kwa anachoweza kukifanya. Umahiri wa kuzungumza tutaupimaje kwenye darasa ambalo mwalimu anapewa alama kwa ukimya wake? Naomba fomu ile itazamwe upya, angalau kwa masomo ya lugha.

Msidhani wote walizungumza. Hadi naondoka kulikuwa na wachache ambao hata kwenye kwaya walikuwa wanachezesha midomo tu. Mmoja nilikuja kujua kutoka kwa mwalimu wa darasa kwamba anasikia kwa sikio moja, na wiki zote nilimkalisha upande usiofaa. Wengine sikujua wana nini. Muda wa mazoezi ni mfupi, na siku unayoanza kuyajua majina vizuri ndiyo siku unayoandika ripoti.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mambo ya matumizi. Zile kadi za maswali na majibu nimeziacha kwenye meza ya mlangoni, zimeandikwa kwa mkono kwenye maboksi ya biskuti yaliyokatwa, msizikunje. Wa Kiarabu na wa Kichina, nanyi chukueni; maswali ni yale yale, mnabadilisha maandishi. Anayeazima aandike jina na namba ya simu kwenye daftari pale, kwa sababu seti ya kwanza ilikwenda Mpwapwa na haijarudi. Za mpira ziko mbili tu, ya Simba na ya Yanga, na naomba ziende pamoja. Suala la bumu la mazoezi, zile fedha zetu za mkopo, litatoka lini, msiniulize mimi, muulizeni afisa mikopo, yupo safu ya tatu na amejifanya hanioni. Karibuni kwa maswali.